Viroboto kwa Vitoto vya Paka: Kitana Kwanza, Chupa Baadaye

Kitoto cha paka kilichozaliwa jana kina uzito wa gramu 100 hivi. Damu yote iliyomo mwilini mwake ni kama mililita 6, yaani kijiko kimoja cha chai na ziada kidogo. Kiroboto jike mmoja hafyonzi kiasi cha kuonekana kwa macho, lakini majike 70 kwa pamoja humaliza karibu mililita 1 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Kitoto chenye majike 70, na si ajabu kuwakuta wengi kuliko hao kwenye kitoto kilichozaliwa stoo au chini ya mtende, kinapoteza sehemu moja kati ya sita ya damu yake kila siku inayopita.

Kwa hiyo viroboto wa kitoto si jambo la kusema tutaliona kesho. Lakini pupa nayo ina hatari yake, kwa sababu mwenye pupa hukimbilia chupa, na karibu chupa zote zilizomo majumbani mwetu ni sumu kwa kiumbe cha gramu 200. Ninachotaka msomaji akishike ni hiki: kitoto ambacho hakijatimiza wiki 8, dawa yake ni kitana, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mikono yako. Dawa ya dukani kazi yake ni kwa mama paka na kwa nyumba, tena kwa kumuuliza daktari wa mifugo.

Nianze na chupa, maana ndizo zinazoleta maafa. Hapa Oman, nyumba nyingi za Waswahili wa Ibra, Sur na Nizwa hazikosi kichupa cha mafuta ya karafuu kutoka Unguja au Pemba. Ni dawa ya jino, ni dawa ya mgongo, ni dawa ya mafua, na bibi akiona paka anajikuna atasema, "Mpake karafuu mwanangu, wadudu watakimbia." Ni kweli wanaweza kukimbia. Lakini kinachonukia kwenye karafuu ni yujenoli, kemikali ya jamii ya fenoli, na ini la paka haliwezi kuvunjavunja fenoli na kuzitoa mwilini kama lifanyavyo ini la mtu. Paka mkubwa ataumwa. Kitoto ini lake bado changa, ngozi yake nyembamba, na mama yake atakilamba mwili mzima mara tu utakapokirudisha, kwa hiyo sumu ile ile inaingia kwa wawili. Mwambie bibi kwa adabu, "Bibi, karafuu tukuwekee wewe kwa jino lako, huyu tutamchana." Mafuta ya mkaratusi, kafuri, mafuta ya mti wa chai na mafuta ya taa yote yako katika hesabu hiyo hiyo.

Chupa ya pili ni Dettol. Tumezoea kuitia ndani ya maji, yakageuka meupe, tukaona usafi umeingia nyumbani. Klorozilenoli iliyomo ndani yake nayo ni ya jamii ya fenoli, na paka aliyeogeshwa kwa Dettol, hata iliyozimuliwa, huungua ulimi na koo anapojilamba. Kwa kitoto haifai kabisa, si tone wala nusu tone.

Ya tatu iko bandani, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Huku mikoa ya Dakhiliya na Sharqiya ni nani asiyekuwa na jamaa anayefuga mbuzi? Anayekwenda Nizwa Ijumaa asubuhi kwenye soko la mbuzi ana chupa ya dawa ya kupe nyumbani, ya kumwagia mgongoni au ya kuchanganya na maji. Ndani ya dawa hizo mna sipametrini, deltametrini, amitrazi au diazinoni. Mbuzi wa kilo 30 anazihimili. Paka hazihimili, na permetrini ndiyo mbaya zaidi kwake: dawa za matone za mbwa huwa nayo asilimia 45 hadi 65, na tone lililokusudiwa mbwa mdogo linatosha kumuua paka mzima. Ini lake haliiondoi, hubaki ikisumbua mishipa ya fahamu. Soma maandishi ya chupa kabla ya kuifungua. Ukiona permetrini au jina lolote linaloishia na "metrini", funga urudishe ulipoitoa. Poda ya viroboto ya dukani, mkanda wa shingoni na dawa ya kupulizia mende na mbu hazitiwi juu ya kitoto, wala hazipulizwi chumba alimo.

Na ikiwa mtu wa nyumbani ameshampaka kabla hujafika? Dalili ni kutetemeka, masikio na ngozi kurukaruka, mate kumtoka, kuyumba, na mwisho kifafa. Muoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, umsuuze vizuri, umkaushe, umfunike apate joto, kisha mpeleke kwa daktari pamoja na chupa yenyewe ili asome alichopakwa. Usimnyweshe maziwa wala mafuta eti kukata sumu, na usijaribu kumtapisha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza jua umri, kwani kila kitu kinafuata umri. Kitoto ambacho macho yamefumba hakijafika wiki 2. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Kikianza kutembea kwa kuyumbayumba na meno ya mbele yakichomoza kwenye ufizi, kimeingia wiki ya 3 au ya 4. Kiweke juu ya mizani ya jikoni, ndani ya bakuli lenye kitambaa, uandike gramu zake kila siku saa ile ile. Kitoto kinachoendelea vizuri huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Kilichosimama pale pale siku mbili mfululizo kina jambo, na jambo hilo mara nyingi ni njaa au damu.

Pili, nyanyua mdomo wa juu kwa kidole utazame ufizi. Ukiwa na rangi ya waridi, una muda wa kufanya kazi yako nyumbani. Ukiwa mweupe, au wa kijivu, na kitoto kimelegea, hakilii, hakitafuti ziwa, huyo ameshaishiwa damu. Ondoa viroboto unaowaona kwa haraka huku mtu mwingine anawasha gari. Kitoto cha namna hiyo huenda kikahitaji kuongezewa damu, na hilo halifanyiki nyumbani. Kliniki za mifugo za serikali zipo wilayani, ingawa kazi yao kubwa ni mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, na kwa paka wengi wetu huishia kliniki za watu binafsi au safari ya Maskati. Ni safari ndefu kwa kiumbe kidogo, basi piga simu kabla hujatoka, ueleze umri, uzito na rangi ya ufizi, uulize kama wanaweza kukipokea. Namba hiyo iandike leo, wakati hakuna dharura.

Tatu ni joto. Kitoto cha chini ya wiki 3 hakiwezi kujipasha joto chenyewe. Kinategemea mwili wa mama na wa ndugu zake. Watu hushangaa kusikia kwamba paka anaweza kufa kwa baridi Oman, mwezi wa Julai, nje nyuzi 45. Anakufa ndani, mbele ya kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18, akiwa amelowa. Zima kiyoyozi cha chumba hicho kabla ya kuanza, na kisiwashwe mpaka kitoto cha mwisho kimekauka hadi kwenye ngozi. Kitoto ambacho tayari ni cha baridi na kimelegea hakioshwi na hakilishwi. Kipashe joto kwanza kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, au karibu na chupa ya maji moto iliyofungwa taulo. Maziwa yanayoingia katika tumbo la baridi hayasagiki.

Kitana ndicho chombo chenyewe. Kile cha chuma cha kuchania chawa, kinachouzwa duka la dawa, meno yake yamekaribiana vya kutosha kumnasa kiroboto. Kaa chini, mahali penye mwanga, taulo jeupe mapajani, pembeni bakuli la maji yenye matone ya sabuni ya vyombo. Kitoto kilale kwenye kiganja cha mkono mmoja. Chana kuanzia shingoni kuelekea mkiani, polepole, kwa kufuata manyoya, kisha chovya kitana ndani ya bakuli. Sabuni huvunja ule utando wa juu wa maji, kiroboto anazama. Bila sabuni ataelea na kuruka tena. Viroboto hupenda kujificha nyuma ya masikio, chini ya kidevu, kwapani, na pale mkia unapoanzia. Utaona na vumbi jeusi mithili ya pilipili manga iliyosagwa. Lidondoshe juu ya karatasi nyeupe ya choo iliyolowana. Likitoa rangi nyekundu ya kutu, ni kinyesi cha viroboto, na hiyo rangi ni damu ya kitoto chako. Dakika tano kwa kila kimoja, mara mbili kwa siku, zinafanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote niliyoitaja.

Viroboto wakiwa wengi mno, ogesha. Hapa kuna jambo la maji yetu ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Kuanzia Mei hadi Septemba bomba la maji baridi linatoa maji ya tangi la juu ya nyumba, na tangi limepikwa na jua mchana kutwa. Maji hayo yanaweza kuunguza kitoto. Fanya kama tunavyofanya tunapooga sisi wenyewe: hita ikiwa imezimwa, maji yaliyotulia ndani yake ndiyo ya wastani, yachote huko. Jaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Usihisi moto, usihisi baridi.

Anza na shingo. Tia povu la sabuni ya vyombo mzunguko mzima wa shingo kabla hujalowesha mahali pengine popote, kwa sababu viroboto wakisikia maji hupanda kichwani, waingie masikioni na machoni. Povu ndilo boma linalowazuia. Kisha shusha mwili ndani ya beseni, kichwa kikae nje siku zote, paka povu, chana kwa kitana ndani ya maji, suuza mara mbili. Yote hayo yasizidi dakika chache. Kichwani usitie sabuni wala usimwage maji. Tumia kona ya kitambaa kilicholowana, na wale walio karibu na macho watoe kwa kikoleo au kwa vidole. Funga kitoto kwenye taulo kavu, badilisha taulo likilowa, umalizie kwa mashine ya kukaushia nywele ya joto la chini, ukiishika mbali, mkono wako ukiwa katikati, ili uhisi joto linalomfikia.

Osha kimoja kimoja. Wengine wangoje ndani ya boksi lenye joto. Kabla ya kukirudisha, mpanguse mama kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa hicho hicho kipitishe juu ya kitoto, kirudi kikinuka kwao. Wapo paka wanaokataa kitoto kinachonuka sabuni, hasa mama wa uzazi wa kwanza. Kuoga kusiwe kila siku. Baada ya kuogesha, endelea na kitana siku mbili tatu utazame hali.

Kumbuka unachana mtoto anayelala kifuani kwa mama mwenye viroboto. Mama paka asipotibiwa, kazi ya asubuhi inafutika jioni. Yeye ndiye wa kupewa dawa ya daktari. Selamektini, ya matone ya shingoni, inaruhusiwa kwa paka mwenye mimba na anayenyonyesha. Nitenpiramu ni kidonge kinachoanza kuua viroboto ndani ya nusu saa, nacho hupewa paka wanaonyonyesha. Mwambie daktari wazi kwamba ananyonyesha na vitoto vina umri gani. Baada ya matone, mtenge na vitoto mpaka shingo ikauke.

Kwa vitoto vyenyewe, sanduku la dawa lina masharti mawili na watu husoma moja. Nitenpiramu yaruhusiwa kuanzia wiki 4, wanasoma hapo wanafurahi. Sharti la pili ni uzito, karibu kilo 1, na kitoto cha wiki 4 ni nadra kuvuka nusu kilo. Matone mengi ya shingoni ni kuanzia wiki 8, na selamektini Ulaya yaruhusiwa tangu wiki 6. Ipo dawa ya fipronili ya kupulizia ambayo Ulaya imeruhusiwa hata kwa kitoto cha siku 2, lakini ina spiriti, inapoza mwili, na kipimo chake ni kwa uzito. Iache mikononi mwa daktari. Wala usikate dozi ya paka mkubwa mapande manne ukadhani umepata dozi nne za vitoto.

Kiroboto unayemwona juu ya paka ni sehemu ndogo tu ya kundi zima. Jike hutaga mayai 40 hivi kwa siku, na mayai hayanati. Yanateleza kwenye manyoya yaanguke palipolaliwa. Yakianguliwa, mabuu hukimbia mwanga, hujichimbia kwenye nyuzi za zulia na kula kile kinyesi cheusi chenye damu. Hapa hali ya hewa yetu ina sehemu yake. Mabuu hufa joto likipita nyuzi 35, na hufa kwa ukavu unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 50. Uwanja wa mchanga wa Nizwa mwezi wa Juni, jua la saa saba mchana, hauzai kiroboto. Lakini paka naye hazalii juani. Anazalia kwenye kivuli cha mitende pale maji ya mfereji wa falaji yanapopita, nyuma ya mashine ya kiyoyozi inayodondosha maji, ndani ya stoo ya tende, au kwenye majlisi yetu yenye nyuzi 24 mwaka mzima. Na Sur, karibu na bahari, hewa yenyewe ina unyevu wa kuwatosha.

Kwa hiyo tumia jua kama silaha. Matandiko ya paka yafue kwa maji ya nyuzi 60, au yaanike juu ya nyumba siku nzima, pande zote mbili. Vitambaa unavyotandika ndani ya boksi viwe vyepesi, vya kubadilishwa kila siku mama anapokwenda kula. Telezesha kipya, ondoa cha zamani, bila kuvuruga boksi zima, asije akahamisha watoto. Matandiko ndiyo ya kuanikwa, si vitoto. Kitoto juani huzidiwa na joto upesi sana. Ndani, pitisha mashine ya kufyonza vumbi chini ya matakia ya majlisi, kwenye mshono wa zulia na ukuta, na utupe vumbi lake nje ya nyumba papo hapo. Ukitaka kupulizia dawa ya nyumba, omba yenye metopreni au piriproksifeni, ambazo huzuia mayai na mabuu kukua, na paka wote watoke mpaka sakafu ikauke.

Baada ya mabuu kuna kifukofuko, na hicho ndicho kinachowashangaza watu wanaorudi safari. Familia inakwenda Zanzibar au Salala Julai na Agosti, nyumba imefungwa. Kiroboto aliyekwisha kukomaa hukaa ndani ya kifukofuko miezi kadhaa akingoja mtikisiko, joto la mwili na pumzi. Mlango ukifunguliwa, wote wanatoka kwa pamoja, na watu wanadhani wamewabeba kutoka Unguja. Ukirudi, kabla ya kumwingiza paka au mtoto, pitisha mashine ya vumbi kila chumba, na urudie kila siku kwa wiki mbili tatu, kwani ule mtetemo wa mashine huwaamsha nao hufyonzwa.

Paka si najisi, tumefundishwa hivyo tangu chuoni, lakini twahara ni jambo moja na maradhi ni jingine. Kiroboto akimezwa humwachia paka tegu, utaona vipande vyeupe vya kiasi cha punje ya mchele nyuma yake, na mtoto mdogo anayemeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kulipata. Kinyesi cha viroboto hubeba bakteria ya Bartonella, inayoingia kwa mtu kwa mkwaruzo wa kucha. Watoto wanaosaidia kuchana wanawe kwa sabuni, mkwaruzo uoshwe pale pale, na mwenye kinga dhaifu asishike kazi hii.

Vitoto vikitimiza wiki 8 na kukaribia kilo 1, vipeleke kliniki vipimwe, vipewe matone ya uzito wao na dawa ya minyoo. Mchukue na mama siku hiyo hiyo. Jike anaweza kushika mimba tena hali bado ananyonyesha, basi panga na daktari tarehe ya kumfunga kizazi kabla hujaondoka hapo.